Mwanangu, kuhusu yule ngamia wa Tiberias

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwongoza watalii aliwaambia kwamba Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi wa zamani, alipofariki Misri, jeneza lake lilifungwa juu ya ngamia, ngamia akaachwa aende atakako, na pale alipopiga magoti ndipo wakamzika. Unauliza kama ni kweli, na kama si kweli, mbona uliwakuta watu wazima wamelishika lile kaburi wakilia na kuomba.

Alifariki Misri mwaka 1204, hilo ni kweli. Kwamba alizikwa Tiberias, huko kaskazini mwa Israeli, ndivyo Wayahudi walivyopokezana tangu zamani. Ngamia ni hadithi. Ipo na ya wanyang'anyi walioiteka safari hiyo, wakashindwa hata kulisogeza jeneza, basi wakatubu na kulisindikiza. Mimi naipenda hiyo zaidi. Ngamia akichoka hupiga magoti popote.

Kinachonichekesha ni kwamba mwenyewe asingezitaka hizi habari. Waandishi wa hirizi aliwaona wendawazimu. Unajimu aliuita upuuzi, akawaandikia hivyo wanachuoni wa kusini mwa Ufaransa. Na katika Mishneh Torah, kitabu chake kikubwa cha sheria, alisema watu wema wasijengewe alama makaburini, kwa kuwa maneno yao ndiyo ukumbusho wao. Sasa tazama: kule Kairo kuna sinagogi lenye jina lake, na kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wakilala humo usiku kucha wakitafuta kupona!

Lakini usiwacheke wale. Huyu bwana hakuanza kwa kutegemea utabibu kupata riziki. Aliyekuwa akimlisha asome ni mdogo wake, Daudi, mfanyabiashara wa vito. Daudi akazama katika Bahari ya Hindi, hii hii yetu, pamoja na mali yake na ya watu. Musa akaugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima, na miaka minane baadaye bado aliandika kwamba hajapata faraja. Tangu hapo utabibu ndio ukawa riziki yake, hadi akafika kwa wakubwa wa Salahuddin.

Mwaka 1199 mfasiri wake, Samuel ibn Tibbon, alitaka kuja kumtembelea. Akamjibu kwamba hatapata hata saa moja ya mazungumzo. Kila asubuhi huenda Kairo kwa sultani, na akirudi Fustat, mji wa jirani alikoishi, mchana, njaa inamuuma, hukuta ukumbi umejaa: Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, mahakimu na askari wao. Hushuka kwenye mnyama wake, hunawa mikono, huwaomba radhi wamsubiri ale kidogo, mlo wake pekee kwa siku nzima. Kisha huwatibu hadi usiku, na mara nyingine huwaandikia dawa akiwa amelala chali kwa uchovu.

Ndiyo maana naona waliolala ndani ya sinagogi, na hao uliowaona wewe, wamejiunga tu na foleni iliyokuwepo kweli mlangoni kwake. Hadithi ilikosea juu ya ngamia. Juu ya wagonjwa haikukosea sana.

Umeniuliza pia kama ulifanya vibaya kuweka kijiwe kaburini kama wenzako. Hapana, mwanangu. Ila ukirudi, tafuta na ile barua ya 1199 uisome.

Wasalimie wote,
Mama yako