Unachora uso? Anza na waliomzunguka mwenye uso

Mdogo wangu mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kaka, nachora sura zinafanana kabisa na wenyewe, lakini hazinunuliwi. Wewe ulifanyaje?" Najibu hapa, maana si yeye peke yake.

Mwezi uliopita picha yangu ya mama muuza viazi wa Uyole ilinunuliwa kwa bei ambayo hata kuitaja nilikuwa naogopa. Hiyohiyo iliwahi kukataliwa na mratibu wa maonyesho, akaniambia mbele za watu nikachore Wamasai na twiga, haya ya Kibudha hayana mteja. Bado inaniuma, sifichi.

Mimi ni Mlutheri na sijabadili dini. Kwa Wabudha nimechukua hoja moja tu, ndiyo iliyoongoza picha hiyo. Milinda, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India karne ya 2 kabla ya Kristo, alimhoji mtawa Nagasena: wewe ni nani hasa? Mtawa akamgeuzia kibao: gari ulilokuja nalo ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Kila kimoja mfalme akajibu hapana. Basi gari ni jina la vitu vilivyokutana, na Nagasena vilevile. (Ijaribu kwa bajaji ya Mwanjelwa.) Kwa Kiswahili tunasema mtu ni watu. Wabudha wanakwenda mbali zaidi: ondoa watu, mwili na mawazo, hakuna kiini kinachobaki.

Kwa brashi sasa. Uso wa yule mama niliuacha mwisho. Nilianza na kitenge alichombebea mjukuu, kilivyomkaza begani, nikaja kwenye udongo mweusi kuchani, kisha mkono wa mteja unaoingia pembeni kushika sado. Kijani cha kitenge nikakirudisha chini ya kidevu. Pale shingo inapokutana na nguo nikafuta kwa kitambaa, isijulikane mama anaishia wapi. Baridi ya Juni huku Mbeya inachelewesha rangi ya mafuta kukauka. Wengi wanalalamika, mimi naitumia kwa kazi hiyohiyo.

Turubai ghali si lazima: marekani, gundi ya mbao na rangi nyeupe ya ukuta vinatosha kuanzia. Kinachowaangusha vijana ni kunakili picha za pasipoti kwenye simu, mtu amesimama peke yake mbele ya pazia la bluu, halafu mnasaini jina kubwa kuliko sikio lake. Acheni. Nendeni sokoni, ombeni ruhusa, kaeni. Mkifukuzwa, rudini kesho mnunue viazi kwanza.