Tufungue mlango au tufungue orodha?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu za Kayole. Mimi ni katibu wa chama katika wadi yetu. Ofisi kuu imetutaka tupendekeze njia ya kumpata mgombea wetu wa uwakilishi wadi kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Vijana wanataka mkutano wa uteuzi ufanyiwe uwanjani, yeyote mwenye kitambulisho aje apige kura, awe na kadi ya chama asiwe nayo. Wazee wa tawi wamekataa katakata. Wanasema chama ni nyumba na nyumba ina wenyewe. Pande zote mbili zinanitazama mimi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?
Katibu, Kayole

JIBU: Katibu, mimi ningeanza kwa kuuliza orodha ya wapiga kura wenu iko kwa nani. Mlango ungesubiri.

Nimesimamia michujo ya vyama mbalimbali huku Eastlands tangu enzi nikishika chaki, na wizi niliouona haukufanyikia ukumbini. Watu wakishaketi kwenye viti, mambo yameshaiva. Kuna chama kimoja, jina nalihifadhi, kilichonikabidhi orodha ya wajumbe alfajiri ya siku yenyewe, juu ya boneti ya gari, karatasi bado zina joto la mashine. Wajumbe wa mtaa mzima walikuwa wametia saini kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Beji za shingoni zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na aliyeushika mfuko ndiye aliyekuwa akiamua nani mjumbe na nani mpita njia. Mama mmoja ambaye wenzake walimchagua kwenye mkutano wa tawi, nami nikiwepo, alizuiwa langoni mpaka kura zikaisha kuhesabiwa. Beji yenye jina lake ilikuwa kifuani mwa kijana wa kiume. Nilipomuuliza anaishi wapi, alimtazama mwenye mfuko kwanza.

Sasa niambie, pale umma ungeruhusiwa kuingia ungeona nini? Ungeona watu wenye beji wakipiga kura kwa utulivu kabisa.

Vijana wako hawakuwa wamezaliwa mwaka 1988, basi wasimulie. KANU, chama tawala wakati huo, kiliendesha mchujo wake kwa mlolongo, wanachama wakipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wamtakaye au picha yake. Uwazi gani unaushinda huo? Kila mtu aliweza kuhesabu vichwa kwa kidole. Hata hivyo kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, jua likiwa utosini, na waliopanga ile ndefu wakarudi nyumbani wakisagana meno. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri asiende. Macho ya watu yalikuwepo. Karatasi ya matokeo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Halafu kuna Oktoba 14, 2002, siku ambayo nadhani ndiyo vijana wako wanaiota bila kujua. Kasarani, wajumbe wa KANU walikuwa wanamwidhinisha Uhuru Kenyatta kugombea urais. Siku hiyohiyo, Uhuru Park, mkutano wa kundi la Rainbow, waliojitoa KANU, ulikuwa wazi kwa yeyote aliyeweza kupata pa kukanyaga. Raila Odinga akatamka "Kibaki Tosha", umati ukalipuka, na Desemba Kibaki akawa Rais. Ni siku tamu kukumbuka. Lakini tuseme kweli, umati ule uliletewa jina moja tu, ukalishangilia. Hakuna aliyegawa karatasi za kura wala aliyehesabu. Mkutano wa uwanjani unafaa sana kwa kutangaza mtu. Kumchagua ni kazi nyingine, na kwa wadi yenye wagombea sita wenye vipaza sauti na wapambe wa kulipwa, atakayeshinda uwanjani ni mwenye malori.

Hilo la kila mwenye kitambulisho kupiga kura limejaribiwa kwingine, wala si wazimu. Ufaransa, mwaka 2011, chama cha Kisoshalisti kilimruhusu mpiga kura yeyote kushiriki mchujo wa urais, mradi atoe angalau yuro moja na atie saini kwamba anakubaliana na maadili ya mrengo wa kushoto. Watu zaidi ya milioni mbili walijitokeza, François Hollande akateuliwa, na mwaka uliofuata akaingia ikulu. Mwaka 2017 wakarudia mchujo wa wazi, wakampata Benoît Hamon, naye kwenye uchaguzi wenyewe akaambulia kama asilimia 6. Kwa hiyo mlango wazi hauhakikishi ushindi. Kilichonipendeza mimi pale ni ile saini. Mtu hakuingia akiwa mgeni mtupu.

Kwetu, marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2022 yameandika njia mbili: mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa wanapiga kura, na ule usio wa moja kwa moja, kwa mfano kupitia wajumbe. "Yeyote mwenye kitambulisho" si mojawapo ya njia hizo. Na hata sheria ingenyamaza, ningeogopa. Unajua vizuri kwamba mpinzani wenu akisikia mlango uko wazi, atawaletea watu wake mapema kuliko wenu, wamchague yule atakayekuwa mwepesi kumwangusha Agosti.

Lakini wazee nao wasijifungie kwa hoja ya nyumba. Sheria inautengea Mfuko wa Vyama vya Siasa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa (kwamba Hazina hutoa pungufu ni kesi nyingine). Chama kinachoruhusiwa kula pesa za mlipa ushuru hakiwezi kumwambia mlipa ushuru asichungulie dirishani. Tena Katiba, Ibara ya 91, inakitaka kila chama kifuate demokrasia ndani yake. Haisemi demokrasia ya gizani.

Ningefanya hivi. Usajili wa wanachama wa wadi ufungwe mapema na kwa tarehe inayojulikana, ili basi la kukodi lisilete wanachama wa asubuhi hiyo. Orodha ibandikwe wiki kadhaa kabla, ukutani mwa ukumbi wa kijamii na kwenye steji ya matatu, pale watu wanaposimama kweli, na yeyote aruhusiwe kusema "huyu alishahama" au "huyu ni marehemu". Utashangaa marehemu wangapi wana kadi. Mkiamua kutumia wajumbe, wachaguliwe mtaa kwa mtaa, majina yasomwe kwa sauti palepale, mawakala wa wagombea wote watie saini, na picha ya karatasi irushwe kwenye WhatsApp kabla mtu hajaondoka.

Siku ya kura, waite wakazi wote, wenye kadi na wasio nayo. Wakae upande wao wa kamba. Wapewe saa nzima ya kuwauliza wagombea kuhusu mitaro, basari na taa za barabarani, maana mwakilishi wadi atakuwa wao pia. Kisha wanachama wapige kura, na wakazi wabaki hapohapo. Kila karatasi inyanyuliwe iwaelekee watu, isomwe, ndipo iwekwe kwenye fungu lake. Matokeo yaandikwe kwa kalamu nzito na kubandikwa mlangoni kabla ya kupigiwa simu mtu yeyote wa ofisi kuu. Hapo kwenye simu usilegeze hata kidogo, Katibu. Nimeona matokeo mazuri yakipanda gari hapa na kushuka mjini yakiwa mengine.

SWALI: Mwalimu, nimekuta kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwamba mimi ni mwanachama wa chama nisichowahi hata kukanyaga ofisi yake. Naweza kupiga kura kwenye mchujo wa chama ninachokipenda?
Muuza mitumba, Gikomba

JIBU: Jitoe kwanza, dada. Sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Wala hauko peke yako, Juni 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa bila kuulizwa, kukawa na kelele nchi nzima. Ingia kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa palepale eCitizen, jiuzulu, uhifadhi ushahidi wa kujiuzulu kwako, kisha ujisajili unakotaka kabla usajili wao haujafungwa. Na kama unawaza kusimama mwenyewe bila chama, Katiba inamtaka mgombea huru awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo Mei isikukute ukiwa bado kwenye daftari la watu.