Kabla hujaizungusha modeli ya handaki: maneno kwa wanaoanza kazi ya majitaka

Ukiajiriwa leo kwenye timu ya modeli ya handaki la majitaka, siku ya kwanza utaonyeshwa picha ya pande tatu inayozunguka kwenye skrini, mabomba ya rangi rangi na mashimo yaliyoshuka ardhini. Ifurahie, kisha iache kwanza. Programu utaizoea, na mradi unaofuata utakuta nyingine. Kinachowachelewesha wageni ni kitu kingine: kusoma modeli ya pamoja bila kujua nani ameandika nini humo, ana uhakika kiasi gani, na amemruhusu nani aitumie kwa kazi gani.

Mfano wangu utakuwa handaki la Thames Tideway la London, kwa sababu nyaraka zake nyingi ziko wazi na karibu kila tatizo la kazi yetu limo humo. Lina urefu wa kilomita 25 na kipenyo cha ndani cha mita 7.2 kwa sehemu kubwa. Linaanzia Acton upande wa magharibi, linafuata mto hadi Limehouse, kisha linakata kwenda Abbey Mills, na kutoka hapo maji yanaingia handaki la Lee kwenda kusafishwa Beckton. Ujenzi ulianza 2016, na mwanzoni mwa 2025 sehemu zote zilikuwa zimeunganishwa. Kazi iligawanywa kwa miungano mitatu ya wakandarasi, magharibi, kati na mashariki, kila mmoja na wabunifu wake, na mashine sita za kuchimba. Udongo nao hubadilika njiani: mfinyanzi magharibi, chokaa laini mashariki. Watu wote hao wanachora kitu kimoja, na maji hayatajua mpaka wa mkataba uko wapi.

Anza na levo, yaani kimo cha kila kitu kutoka usawa mmoja uliokubaliwa. Kwenye michoro ya Tideway utakutana na vipimo vya kimo vilivyoongezwa mita 100 juu ya usawa rasmi wa Uingereza, ule wa Newlyn. Sehemu iliyo mita 60 chini ya usawa huo inaandikwa 40. Sababu yake ni ya kiakili kabisa: chini ya ardhi namba nyingi zingekuwa hasi, na alama ya kutoa ni kitu chepesi kudondoka mtu anaponakili. Lakini mabomba ya zamani ya jiji, nyaya za umeme na ramani za mitaa hazina hiyo 100. Ukileta faili la mtu wa nje bila kuuliza, bomba lake litaelea angani au litazama, na hilo ni heri, kwa sababu litaonekana. Balaa ni tofauti ya sentimita chache. Handaki lile linateremka mita 1 kwa kila mita 790. Piga hesabu: kosa la sentimita 10 limekula mteremko wa karibu mita 80. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, muulize mpima ardhi wa mradi: tunatumia gridi ipi, levo ipi, na nani mwenye faili mama la alama? Kaa naye karibu. Wapimaji huwa hawaongei sana mikutanoni, na wao ndio wanaojua.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, yaani hali ya faili. Kiwango cha ISO 19650, ambacho miradi mingi mikubwa inakifuata siku hizi, kinagawa taarifa katika hatua nne: inayoendelea kutengenezwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa, na iliyowekwa kumbukumbu. Mgeni huona huu ni urasimu. Lakini fikiria mbunifu wa shimo la kushushia maji anayetaka tu kumwonyesha mwenzake wa umeme kwamba ngazi itapita upande wa kusini. Anashirikisha faili kwa ajili ya kupatanisha. Unene wa ukuta humo bado haujakokotolewa, na yeye anajua hivyo. Mtu wa tatu akilichukua na kuhesabia nondo, kosa si la mbunifu. Ruhusa aliyotoa ilikuwa ya kuangalia nafasi, haikuwa ya kujengea.

Na hapa ndipo simu inapotuponza. Fomeni yuko chini shimoni, mtandao unasumbua, anaomba mchoro. Kijana mwema anapiga picha ya skrini, anairusha WhatsApp. Imefika bila namba ya toleo, bila hali, bila tarehe, na itaishi kwenye simu ile hata baada ya mchoro kubadilishwa. Mkatalie kwa adabu: "Kaka, nipe dakika tano nikutumie kiungo cha lililochapishwa." Atanuna. Mwache anune. Majina marefu ya faili yenye herufi na namba nayo usiyadharau. Ni mbadala wa lile faili tunalolijua sote, "mwisho_kabisa_2_sahihi".

Jambo la tatu ni vitu vya zamani. Tideway ilijengwa kwa sababu mtandao wa majitaka wa mhandisi Joseph Bazalgette, uliozaliwa baada ya uvundo mkuu wa mto Thames wa 1858, hubeba mvua na majitaka kwenye bomba moja, na mvua ilipozidi yalifurika mtoni. Mradi ulilenga milango 34 ya kumwagia mafuriko hayo iliyokuwa ikichafua zaidi. Sasa, kila mahali ambapo handaki jipya linayapokea maji hayo, zege la karne hii linakutana na matofali ya miaka ya 1860. Ndani ya modeli vyote viwili vinang'aa sawasawa. Huo ndio uongo wa picha ya pande tatu: bomba lililopimwa kwa leza na bomba lililochorwa kwa kubahatisha kutoka karatasi ya zamani yanaonekana na uhakika uleule. Uingereza wana mwongozo uitwao PAS 128 unaopanga vitu vya chini ya ardhi kwa madaraja, kutoka D, yaani kumbukumbu za mezani, hadi A, yaani kimefukuliwa na kuonekana kwa macho. Dai daraja hilo liandikwe ndani ya kila kitu kilichopo, na lipewe rangi. Kwetu Dar au Mombasa, ramani ya chini mara nyingi imo kichwani mwa fundi mmoja mzee. Mheshimu, tembea naye, andika anachokuonyesha. Ila kiandike kwa daraja lake mpaka kifukuliwe.

Kuhusu migongano, yaani vitu viwili kuchukua nafasi moja kwenye modeli, sitasema mengi. Programu itakupa maelfu, na mingi haina maana: boliti imegusa zege, na ni kawaida yake. Tafuta ile ya wakati wa ujenzi. Kreni, mabomba ya hewa na jukwaa la muda havimo kwenye modeli ya mwisho, na ndivyo vinavyozuia watu kufanya kazi Jumatatu asubuhi.

Kinachosahaulika zaidi ni makabidhiano. Tideway ilibuniwa idumu miaka 120. Hakuna programu unayoijua itakayofika huko. Ndiyo maana taarifa za kila pete ya zege inayounda ukuta wa handaki (namba yake, tarehe ya kufungwa, ilikaa wapi kweli ikilinganishwa na ilipochorwa, nyufa zilizozibwa) ziwekwe pia kwenye muundo wazi wa faili za modeli kama IFC, unaofunguka kwenye programu mbalimbali, na kwenye majedwali ya kawaida yanayosomeka bila leseni ya mtu. Muulize mapema atakayeliendesha handaki anataka kujua nini kuhusu pete, mlango wa maji, au feni. Orodha yake huwa fupi kuliko mnavyodhani. Iombe mwaka wa kwanza, iingie kwenye mkataba. Ukiiomba wakati wakandarasi wanapakia makontena yao, utapewa diski yenye kila kitu na hakuna atakayebaki wa kukueleza kipi ni kipi.