Gumba, si vidole vitatu

SWALI: Katika filamu za wapiganaji wa Kimongolia wa karne ya 13, wapiga mishale huvuta kamba kwa vidole vitatu. Ndivyo walivyofanya?

JIBU: Hapana, na kosa hili huniuma kweli. Nikitazama, husimamisha picha pale pale mkononi. Mmongolia alikunja kidole gumba kuzunguka kamba, akakibana kwa kidole cha shahada. Aliyevuta kwa mkono wa kulia aliweka mshale upande wa kulia wa upinde. Filamu nyingi huuweka kushoto, kama Wazungu.

Upinde wenyewe ni mzuri ajabu: mbao katikati, pembe upande unaomwelekea mpigaji, kano za mnyama upande wa nje, vyote vimegandishwa kwa gundi. Ukiutoa kamba, hujikunja kinyume.

Mavazi nayasamehe. Mkono, hapana.