Jibu: Chanjo "kutoshika" baada ya kupandikizwa figo

Dada, umesema mdogo wako alipandikizwa figo mwaka jana, akachanjwa homa ya ini B, na kipimo kinaonyesha hana kingamwili, yaani kinga ambayo chanjo ilitakiwa kuijenga kwenye damu. Chanjo haikuwa feki, wala nesi hakukosea. Ni dawa za kulinda figo. Takrolimasi na mikofenoleti huzituliza chembe nyeupe za damu zisiishambulie figo ngeni, na chembe hizo hizo ndizo zinazotakiwa kuitambua chanjo. Mikofenoleti hasa ndiyo msumbufu. Wakati wa UVIKO, watafiti wa Johns Hopkins waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo: baada ya dozi mbili, 54 tu kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili.

Asije akaacha dawa ili chanjo ishike! Mwili utaikataa figo. Arudi kwa daktari wake wa figo. Mara nyingi hurudia dozi, au huongeza nguvu yake, kisha hupima tena. Nanyi wa nyumbani mchanjwe.

Lakini ulichokigusia juu juu ndicho kilichonishtua: anavuka Mutukula, mpaka wetu na Uganda, kufuata mzigo Kampala, na mpakani huweza kuulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, yeye asichomwe kabisa. Aombe barua ya msamaha wa kitabibu hospitalini kabla ya safari, asingoje kubishana mpakani. Kaka yangu, anayeishi na figo ya dada yetu, aliona safari za mpakani ni usumbufu, sasa anauza dagaa hapa hapa Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba.