Jibu: Yule kasisi wa Oxford alijifunzia wapi Kiarabu?

Ndugu, umeuliza kama Edward Pococke, profesa wa Kiarabu wa Oxford, alikijua Kiarabu kwa vitabu tu. Hapana. Alizaliwa 1604, na mwaka 1630 akaenda Aleppo, mji wa Syria, kuwa kasisi wa wafanyabiashara Waingereza. Alikaa miaka kadhaa, akisoma kwa sheikh wa hapohapo na kukusanya miswada. Uprofesa aliupata 1636.

Mimi kinachonivutia ni uaminifu wake. Alipotafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Grotius, msomi wa Kiholanzi, cha kutetea Ukristo, alikuta humo kisa cha njiwa aliyedaiwa kumjia Mtume Muhammad sikioni. Alishamuuliza Grotius mwenyewe: hiki umekitoa kwa Mwislamu gani? Hakuna. Basi, kwenye tafsiri akakiacha nje.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Muumini mmoja wa parokia yake ya Childrey alipoulizwa habari za kasisi wao, inasemekana alijibu kuwa ni mtu mwema asiye na makuu, ila Kilatini hakijui! Sababu yake, Pococke hakupenda kupamba mahubiri kwa usomi. Mwaka 1655 nusura wakaguzi wa makasisi wamfukuze parokiani eti hafai. Wasomi wa Oxford, John Owen akiwemo, ndio waliokwenda kumtetea.