Muulize Mzee wa Daftari: Fedha za Wamikmaq zilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo babu. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Sakina, Arusha. Tulimpokea mama mmoja kutoka Nova Scotia, Kanada, akasema yeye ni Mmikmaq, wenyeji wa kule kabla Wazungu hawajafika. Aliniambia serikali ya kikoloni iliuza ardhi ya mababu zake, fedha zikawekwa "kwa faida yao", ila wao hawakuzishika. Niliona haya kumhoji zaidi. Je, nani alizila? Na wao walinyamaza tu?
Mjukuu wako, Sakina

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. "Nani alizila" ndilo swali la kwanza kwenye kila mkutano mkuu wa chama cha kahawa nilipokuwa mtunza hesabu kule Old Moshi, na mara nyingi ndilo lililotupotezea mchana mzima. Mimi huanza na jingine: ziliingia ngapi? Kwa Wamikmaq, nyingi hazikuingia kabisa.

Mikataba yao na Waingereza, ya kati ya 1725 na 1761, ilikuwa ya amani na urafiki. Humo hawakukabidhi ardhi. Walowezi wakajaa hata hivyo, wenyeji wakatengewa maeneo yao, na hayo nayo yakavamiwa. Mtu anafyeka, anajenga, anavuna majani ya ng'ombe, kisha anasema mimi ni mkazi wa hapa. Na mabaraza ya kutunga sheria kule Halifax, makao makuu ya Nova Scotia, na Fredericton, ya jimbo jirani la New Brunswick, yalichaguliwa na walowezi haohao. Kumfukuza mpiga kura wako? Thubutu!

Mwaka 1844 New Brunswick ikapitisha sheria: sehemu za maeneo hayo ziuzwe au zikodishwe, fedha ziende kwa wenyeji. Nova Scotia ikaja na yake 1859: mvamizi anunue pale alipokwisha kukalia, malipo yaingie mfuko wa kuwasaidia wenyeji maskini. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Sasa fungua daftari. Mnunuzi analipa fungu la kwanza, halafu kimya. Shamba analima, mvua hadi mvua. Safu ya "anadaiwa" inajaa, safu ya "amelipa" ina mistari miwili mitatu, na hakuna anayetumwa kumtoa. Hicho kidogo kilichopatikana New Brunswick kilikatwa kwanza gharama za kupima na kuuza. Mkulima wa kahawa huku kwetu haitaji kufundishwa hilo: unapeleka gunia, unasomewa makato, unarudi nyumbani na karatasi. Ila yeye gunia alilipeleka kwa miguu yake. Wamikmaq, shamba lao liliuzwa na mtu mwingine.

Kilichosalia kiligeuka mablanketi, makoti na mbegu za viazi, kikaitwa msaada. Hapo ndipo damu yangu huchemka. Fedha ni ya mtu, inapita mkononi mwa kamishna, ikitokea upande wa pili ni sadaka na mwenyewe anatakiwa kusema asante! Na ugonjwa wa viazi ulipoingia miaka ya 1840, hata hivyo viazi viliozea shambani.

Sisemi kila ofisa alikuwa mwizi. Moses Perley alizunguka New Brunswick mwaka 1841, akaona uvamizi kwa macho yake na kuuandikia ripoti. Joseph Howe, mwanasiasa mkubwa wa kule, alikuwa kamishna wa mambo yao Nova Scotia kuanzia 1842. Lakini kamishna atafanya nini kama baraza halimpi fedha za kumpeleka mvamizi mahakamani?

Baada ya Kanada kuungana 1867, mambo hayo yalihamia serikali kuu, Ottawa. Sheria ya 1876 ikaweka fedha za ardhi na mbao za wenyeji chini ya serikali kama amana. Maana yake mwenye akaunti hana saini. Chama changu kingefanya hivyo, wanachama wangenipiga mawe.

Walinyamaza? Hata kidogo. Mwaka 1841 barua ya chifu wao Paussamigh Pemmeenauweet ilifika London kwa Malkia Victoria, ikieleza jinsi watu wake walivyonyang'anywa ardhi na riziki. Wakubwa wa London wakaanza kuuliza maswali, na mwaka uliofuata Halifax ikatunga sheria iliyompa Howe cheo chake. Baadaye njia ikazibwa: kuanzia 1927 sheria ya Kanada ilikataza kuchangisha fedha za kudai haki za wenyeji bila kibali cha serikali. Katazo hilo lilifutwa 1951. Mwaka huohuo, Novemba, huku kwetu Wameru walifukuzwa na wakoloni kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki. Wao walichangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, 1952, wakisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyekuwa na ofisi hapahapa Moshi. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini kuchanga walichanga. Mmikmaq wa miaka hiyo ya katazo, kumlipa wakili kwa mchango kama huo bila ruhusa ya Ottawa lilikuwa kosa la jinai.

Mama yule akirudi, muulize anatoka jamii gani na eneo gani. Madai ya kule hufunguliwa jamii kwa jamii, kipande kwa kipande, na yapo ya uuzaji wa karne ya 19 yanayofuatiliwa hadi leo.